Je, Kuhesabu Karata ni Wizi?

Jumapili moja, Misa ilipokwisha, kijana mmoja wa Mangobo, hapa Kisangani, alinifuata nyuma ya kanisa. Namfahamu tangu alipojifunza katekisimu kwangu. Alikaa miaka mitatu Nairobi kwa mjomba wake akiuza vitambaa, na huko alijifunza mchezo mmoja wa karata. Akaniambia: "Mwalimu, nina swali, nami naona haya kulipeleka kwa Padri kabla sijalielewa mwenyewe. Nikicheza bila kuficha karata, bila kutia alama, nami nikashinda kwa sababu najua kuhesabu, je, nimeiba?"

Nikamjibu: "Mwanangu, nipe juma moja nifikiri." Juma moja halikutosha. Swali lile lina mlango mdogo, lakini ndani yake mna vyumba vingi. Haya basi, tuingie pamoja, chumba kwa chumba.

MCHEZO WENYEWE

Yafaa kwanza tulijue jambo lenyewe, maana asiyejua jambo hawezi kulihukumu kwa haki.

Mchezo huu huitwa ishirini na moja. Duniani wengi huuita blackjack. Mchezaji hushindana na mgawaji wa karata, naye mgawaji ni mtumishi wa nyumba ya kamari, yaani kasino. Kila mmoja hutaka karata zake zikaribie jumla ya 21 bila kuipita. Mfalme, malkia na ghulamu huhesabiwa 10. Ree, yaani karata ya alama moja, huhesabiwa 1 au 11. Mchezaji ana hiari ya kuongeza karata au kusimama. Mgawaji hana hiari: akiwa na 16 au chini yake ni lazima aongeze, hata kama ataanguka.

Mchezo huu hautofautiani na dadu kwa jambo dogo. Dadu ikirushwa leo haikumbuki jana. Lakini karata iliyokwisha kutoka hairudi mpaka zote zichanganywe upya. Kwa hiyo aliyeziangalia zilizotoka ajua kidogo habari za zile zilizobaki. Zikibaki nyingi za 10 na ree, mchezaji ana heri, kwa kuwa ree na kumi pamoja hulipwa zaidi, na mgawaji anayelazimishwa kuongeza karata huanguka mara nyingi. Zikibaki nyingi ndogo, heri ni ya nyumba.

Mwaka 1962 mwalimu wa hesabu wa Marekani, Edward Thorp, alitoa kitabu kiitwacho Beat the Dealer, akaeleza jambo hili wazi kwa hesabu zilizofanywa kwa mashine ya kompyuta. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwenda Nevada kujaribu maarifa yake kwa fedha za matajiri waliomwamini; dola 10,000 walizoanza nazo zikawa zaidi ya mara mbili kwa siku chache. Tangu wakati ule watu wengi wametunga hesabu zao.

KWA NINI HESABU NI NYINGI

Hesabu inayojulikana zaidi ni nyepesi. Karata za 2 mpaka 6 kila moja ni kuongeza 1. Karata za 7, 8 na 9 ni sifuri. Karata za 10, za wafalme na wenzao, pamoja na ree, kila moja ni kupunguza 1. Katika pakiti moja ya karata 52, ndogo ni 20 na kubwa ni 20. Kwa hiyo zikitoka zote hesabu hurudi sifuri. Jumla ikipanda, mchezaji huongeza dau; ikishuka, huweka dau dogo.

Lakini meza zote si sawa. Kasino nyingi huchanganya pakiti sita au nane katika sanduku moja. Hapo jumla ya 6 peke yake haisemi neno. Ikiwa zimebaki pakiti 3, ni lazima ugawanye: 6 kwa 3 ni 2, heri ndogo tu. Ikiwa imebaki pakiti 1, ile 6 ni 6 kamili.

Katika mchezo wa pakiti moja mambo hugeuka tena. Karata ni chache, na kila inayotoka hubadili mengi. Hivyo uamuzi wa kuongeza au kusimama una uzito kuliko katika meza ya pakiti nyingi. Hapo ree ina nyuso mbili. Unapoweka dau ni rafiki yako. Lakini karata zako zikiwa mkononi nawe wafikiri kuongeza, yaweza kuwa 1 tu, kama karata ndogo. Ndiyo maana hesabu kadha zinazopendwa kwa pakiti moja huiita ree sifuri, na mchezaji huihesabu kando.

Wengine, ili kuepuka kazi ya kugawanya, huitia na karata ya 7 katika kundi la kuongeza 1. Hesabu hiyo hairudi sifuri. Kila pakiti ikiisha hubaki 4, nao hupanga mwanzo wao kufuatana na jambo hilo. Tena uko mchezo uitwao Spanish 21, ambao karata nne za 10 zimeondolewa katika kila pakiti, zikabaki 48. Mtu akiuleta huko ule uzani wa kwanza bila kuurekebisha, atajiona mwenye heri hali meza imemdanganya.

Sisi wa Kisangani twaweza kuyaelewa haya upesi. Tazameni Wagenya kwenye maporomoko ya Boyoma. Husimamisha miti mikubwa kati ya mawe, na juu yake hufunga vikapu vikubwa, mdomo mpana ukikabili mkondo; maji yenye nguvu humsukuma samaki ndani. Kikapu kile kile ukikitia penye maji yaliyotulia, samaki ataingia na kutoka apendavyo. Mvuvi hasemi kikapu ni kibaya. Asema tu kwamba maji haya yataka chombo kingine.

Kijana wetu alikuwa na vikapu viwili: hesabu moja kwa meza ya pakiti nyingi, na nyingine kwa mchezo wa pakiti moja. Alinieleza kwa fahari kidogo, nami sikumkemea, kwa maana kazi ya akili ni zawadi ya Mungu.

JE, NI WIZI?

Wizi ni kuchukua mali ya mwenzako kwa siri au kwa nguvu bila ridhaa yake iliyo ya haki. Anayehesabu kichwani hakugusa karata. Hakuona kitu ambacho wengine walifichwa. Karata zilitoka mezani mbele ya macho ya wote. Tena nyumba ya kamari ndiyo iliyoziweka sheria, ndiyo iliyoziandika hesabu zake, ikajipa faida juu ya mchezaji asiyejua. Haiwezi kulia kwamba mtu mmoja amefikiri.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yafundisha kwamba michezo ya bahati na kuweka dau havipingani na haki kwa vyenyewe. Huwa vibaya vinapomnyima mtu kile anachohitaji kwa maisha yake na ya watu wake. Yatuonya pia kwamba tamaa ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa, na kwamba udanganyifu katika mchezo ni jambo zito, isipokuwa hasara yake ni ndogo mno.

Sheria za nchi nazo hutofautisha. Huko Nevada, sheria ya mwaka 1985 ilikataza kutumia chombo cha kusaidia kuhesabu karata. Lakini kuhesabu kwa kichwa si kosa la jinai, ingawa nyumba yaweza kumkataa mchezaji. Katika New Jersey, Mahakama Kuu ya jimbo iliamua mwaka 1982, katika kesi ya mchezaji Ken Uston, kwamba kasino haiwezi kwa uwezo wake yenyewe kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu.

Basi kwa swali hili la kwanza namjibu kijana: Hapana, kuhesabu kichwani si wizi. Lakini asikimbie kushangilia, maana tumo bado katika chumba cha kwanza.

JE, NI VIPIMO VIWILI?

Mtu mwingine atasema: "Maandiko Matakatifu yanalaani mwenye mawe mawili ya mizani mfukoni, zito na jepesi. Huyu naye ana hesabu mbili. Je, si yule yule?"

Si yule yule. Mji wetu wajua biashara ya almasi. Mnunuzi mwenye mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia, amedanganya kwa sababu mizani ndiyo inayosema mchimbaji anadai nini. Mizani ni neno kati ya watu wawili. Lakini hesabu ya karata haimpimii mwenzako haki yake. Yapima tu karata zilizobaki. Kubadili hesabu kwa sababu mchezo umebadilika ni kuifuata kweli.

Hata hivyo kuna mizani nyingine ndani ya mtu, nayo ni dhamiri. Hiyo haiwi mbili.

JE, NI UONGO?

Anayehesabu katika kasino ni lazima ajifiche. Hujifanya mlevi, hujifanya mjinga, hucheka anapopoteza. Kunyamaza si uongo. Mtakatifu Toma wa Akwino, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 13, aliuliza habari za mfanyabiashara aletaye nafaka penye njaa, hali ajua kwamba wengine wanakuja nyuma yake na nafaka nyingi. Akajibu kwamba haki haimlazimishi kuwatangazia wanunuzi habari hiyo, ingawa akiitangaza au akipunguza bei atakuwa na wema mkubwa zaidi.

Kwa hiyo mchezaji halazimiki kutangaza hesabu yake. Lakini kutoka kunyamaza mpaka kutumia jina la uongo na karatasi za uongo ni hatua fupi, na wengi wameivuka. Aliyefika hapo asijitetee tena kwa hesabu. Anasema uongo, nao una jina lake katika amri za Mungu.

FEDHA HIZO NI ZA NANI?

Huko Seattle, Marekani, lilikuwapo kundi la Wakristu waliofanya kazi ya kuhesabu karata pamoja; habari zao zilionyeshwa katika filamu ya mwaka 2011 iitwayo Holy Rollers. Wamo kati yao waliojitetea hivi: kasino huwanyang'anya wanyonge, basi si vibaya kuinyang'anya kasino.

Neno hilo latamu masikioni, lakini lina tundu. Fedha zilizo katika sanduku la kasino zimetoka kwa nani? Kwa baba aliyepoteza mshahara, kwa mama aliyepoteza mtaji wa soko. Ukizichukua ukaziweka mfukoni mwako, yule mama hakurudishiwa kitu. Umekuwa mtu wa mwisho katika mstari ule ule. Sisemi umeiba. Nasema usijiite mkombozi wa maskini.

Tena yafaa vijana wajue faida yenyewe ilivyo ndogo. Mtu aliyefundishwa vema sana huwa na heri ya kama asilimia 1 ya fedha anazoweka, na aweza kupoteza miezi mizima kabla heri hiyo haijaonekana. Waalimu wa mchezo wenyewe huonya kwamba hesabu moja isiyo na makosa ni bora kuliko hesabu tatu zinazochanganyika kichwani. Basi anayetia karo ya watoto katika jambo hili amewakosea watoto, hata kama hesabu yake haikukosa.

Na hayo ni katika mchezo ambao hesabu ina kazi. Katika kubashiri mpira, katika mashine za kamari, katika namba za bahati nasibu, hakuna karata zilizotoka za kukumbuka. Hata katika kasino ziko meza ambazo mashine huchanganya karata bila kukoma, na hapo mwenye hesabu zote za dunia hana la kufanya ila kuondoka. Kijana anayekuambia kwamba ameota namba, au kwamba ukizidisha dau mara mbili kila ukipoteza huwezi kushindwa, hakuhesabu. Amejidanganya.

MEZA YA MANGOBO

Juma la pili kijana alirudi. Nilimweleza haya yote, naye akatulia. Kisha nikamwuliza: "Mwanangu, Nairobi ni mbali. Kwa nini swali hili linakusumbua leo, hapa Kisangani?"

Akanyamaza sana. Ndipo akasema: "Mwalimu, tangu nirudi tunacheza jioni kwangu, chini ya mwembe. Nimewafundisha wenzangu ishirini na moja. Pakiti ni moja, nami natumia ile hesabu ya pakiti moja. Wao wanadhani ni bahati."

"Wamepoteza kiasi gani?"

"Wengine kidogo. Lakini mmoja, mwendesha pikipiki ya abiria, amenipa kwa miezi miwili kama faranga 180,000. Siku nyingine zilikuwa fedha za jioni za mwenye pikipiki. Sasa amenyang'anywa pikipiki. Mke wake alikuja kumkopa mama yangu unga."

Hapo nikaona kwa nini alinifuata nyuma ya kanisa.

Akaanza kujitetea: "Walikubali wenyewe. Sikuwashika mkono. Nawe umesema kuhesabu si wizi."

Nikamwambia: "Ndiyo, nilisema, nami sirudi nyuma. Lakini sikiliza. Nairobi ulijiambia: hawa ni matajiri, ndio waliotunga sheria. Hapa Mangobo hawa si matajiri, nao sheria ya mchezo uliwaletea wewe. Basi ukajiambia: walikubali wenyewe. Na ulipompa mama yako fedha ya soko ukajiambia: nalisha nyumba. Kila meza umeipa hesabu yake. Hilo halina kosa kwa karata. Lakini kila meza umeipa pia udhuru wake, na kosa limo humo."

Mtakatifu Toma alitaja mambo yanayoifanya faida ya mchezo kuwa mali isiyo halali, ambayo ni lazima irudishwe: kumshinda mtu asiye na uwezo wa kutoa mali yake, kama mtoto au mwenye kichaa, kumvuta mwenzako katika mchezo kwa tamaa ya kupata mali yake, na kushinda kwa hila.

Pima basi. Yule mwenye pikipiki alitoa fedha ambazo hazikuwa zake, nawe ulijua. Nani alimwita chini ya mwembe? Wewe, nawe ulimwita kwa sababu ulijua atapoteza. Yeye alidhani mnacheza bahati kwa bahati, jirani na jirani. Hukumwambia kwamba kwako si bahati. Kasino yajua kwamba wako watu wanaohesabu, nayo hujilinda. Jirani yako hakujua hata kwamba kuna kitu cha kujilinda nacho. Kunyamaza kule kule, ambako mbele ya kasino ni busara, mbele ya jirani kumekuwa hila.

Kijana akauliza: "Nirudishe yote?"

Nikamjibu: "Haki yataka urudishe. Kama huna zote, anza na ulizo nazo. Nenda pia kwa mwenye pikipiki umweleze, huenda akamrudishia kazi. Kisha nenda kwa Padri, wala usimwambie habari za Thorp na pakiti sita. Mwambie habari za unga."

Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Alisema kwamba kumrudishia mtu fedha ni rahisi, lakini kumwambia "nilikuwa nahesabu" ni vigumu, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayecheza naye tena. Nikamwambia kwamba ndivyo itakavyokuwa, na kwamba hiyo ndiyo bei.

Alirudisha nusu mwezi ule. Nusu iliyobaki anailipa kidogo kidogo kwa faida ya vitambaa. Mwendesha pikipiki alikasirika sana, akamtukana mbele ya watu, na mpaka leo hawajaketi pamoja.

TUJIULIZE

Wasomaji wapenzi, wengi wenu hamchezi ishirini na moja, wala hamtaicheza. Lakini kila mmoja ana ujuzi ambao jirani yake hana. Mwenye duka ajua bei itapanda kesho. Mnunuzi wa almasi ajua thamani ya jiwe ambalo mchimbaji amelishika tu mkononi. Fundi ajua kwamba mashine ina kosa dogo, na mwenye mashine adhani imekufa. Karani ajua karatasi ipi haihitajiki. Ujuzi huo si dhambi. Mliupata kwa jasho, nao hubadilika kwa kila kazi.

Basi kabla ya kulala jiulizeni maneno haya matatu:

Kwanza: Mtu niliyepata faida kwake leo, je, alijua kwamba mimi najua?

Pili: Je, fedha aliyotoa alikuwa na haki ya kuitoa, au kulikuwa na mtoto nyuma yake akingoja?

Tatu: Sababu niliyojipa leo, je, ningeikubali kama yeye ndiye angeniambia mimi?

Asiyeweza kujibu la tatu bila kuona haya, ayachukue yale mawili ya kwanza aende nayo kwa huyo mtu mapema asubuhi, kabla soko halijafunguliwa.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.